Kidakuzi Kwenye Simu ya Dada

Kila nikifungua ukurasa nisioujua kwenye simu, kabla sijasoma hata neno moja, kinaruka kibao chini ya kioo: Tovuti hii hutumia vidakuzi. Kubali vyote. Watu wengine wanabofya Kubali huku wanatafuna muhogo, hawatazami mara mbili. Mimi nnageuka kutazama mlango kama nimeufunga. Nimeufunga, siku zote nimeufunga. Natazama tu.

Skuli nilitoka darasa la nne, kwa hivyo neno hili hakunifundisha mwalimu. Nimefundishwa na mume wangu, na mume wa dada yangu, na watu waliotengeneza ukurasa wa zamu wa hoteli moja huko Kendwa. Majina yao siyaandiki. Wenyewe wakisoma watajijua, na wanaowajua watawajua.

Mtu wa Unguja akilisikia neno kidakuzi hahitaji kamusi. Udaku tumezaliwa nao. Mdakuzi ni yule anayekaa barazani akijifanya anachambua mchele, kumbe masikio yake yako dirishani kwa jirani. Anajua nani kapika nini, nani kaingia na viatu gani, na akishajua hakai nalo. Kidakuzi basi ni mdakuzi mdogo. Hana mdomo wala ungo wa mchele. Anakaa ndani ya simu, anashika alama zako, na ukirudi kwenye ukurasa ule ule anamwambia mwenye ukurasa: huyu ni yule wa jana, mfungulie.

Wadakuzi wa kawaida nilikuwa nao Mji Mkongwe, nilikoolewa kutoka kwetu Uroa. Mume wangu ana duka la vitambaa na vinyago vya watalii, duka chini, nyumba juu, na uchochoro ulivyo mwembamba ukinyoosha mkono unagusa dirisha la mwenzio. Dukani alikuwa mtu wa maneno matamu, wageni wakimpenda. Akishapanda ngazi alikuwa mtu mwengine. Sitaeleza mengi. Taya langu la kushoto halifungi sawasawa mpaka leo, mkate nautia chai kwanza ndipo niule. Huo ulikuwa mchi wa kinu, na sababu yake ilikuwa chumvi kwenye mchuzi. Majirani waliokuwa wakijua nimenunua samaki gani sokoni, siku ile walifunga madirisha, hawakusikia kitu. Sheha, mkubwa wa serikali wa mtaa wetu, nilimwendea na uso umevimba, akanambia, "Subiri, mama. Bwana wako ana hasira za haraka, lakini si mtu mbaya." Nawaandika wote hapa: mume, majirani, sheha.

Nilitoka asubuhi moja na kikapu, kama nnakwenda Darajani kununua samaki, na sikurudi. Uroa sikwenda, maana ndiko angeanza kunitafuta. Kendwa nilikuwa sina mtu, ndiyo maana nikaenda Kendwa.

Nilipata kazi ya dobi kwenye hoteli. Mkubwa wetu alikuwa bibi wa Kitumbatu, mwembamba kama mpini wa fagio, mwenye sauti ya mtu anayeita chombo kilichoko mbali. Sote tukimwita Bi Mkubwa. Yeye peke yake nilimweleza habari ya taya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanambia, "Chukua hayo mashuka, uyaanike," na tangu siku hiyo hakuacha mtu anipangie kazi ya kubeba mizigo mizito.

Mimi nilikuwa nguo za wageni. Nguo ikiletwa, kabla haijaingia kwenye mashine, nafunga uzi wa rangi ndani ya ukosi, mahali mgeni asipopaona. Kila chumba na rangi yake. Ikishaoshwa ikachanganyika na nguo za watu wengine, nageuza ukosi, naona uzi, najua inakwenda wapi. Kisha naukata. Hapo Bi Mkubwa alikuwa mkali kweli kweli. "Uzi, uzi! Nani kaacha uzi huku? Mgeni wa watu aondoke na alama yetu mpaka kwao, tumemnunua?"

Zamu zetu tulikuwa tukiziona kwenye ukurasa wa wafanyakazi. Unaandika namba yako na neno lako la siri, inakuja picha ya hoteli na jina lake, siku zako za kazi, siku zako za mapumziko, na nyumba unayolala huko nyuma kwenye nyumba za wafanyakazi. Ukitaka kubadilisha zamu, unaomba humo humo. Tuliambiwa ni maendeleo.

Kisha mama yangu akafariki, nikasikia jina lake redioni kwenye matangazo ya vifo.

Nilikwenda Uroa. Nililia njia nzima, na katikati ya kulia nilikuwa nikiwaza: atakuja. Mkwe hawezi kukosa mazishi ya mama mkwe, watu watasemaje. Simu yangu niliiacha Kendwa kwa makusudi, nikihofia mtu asije akaichukua humo msibani akasoma nilipo. Nilijiona mwerevu.

Alikuja. Alikaa nje kwenye mkeka wa wanaume, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi, akipokea mkono wa pole kama mtoto wa marehemu. Mimi nilikaa chumba cha ndani kabisa baina ya wanawake, na kila sauti yake ikipita dirishani nikijifunika kanga uso. Hakuomba kuniona. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi.

Sasa, nyumba ya msiba kwetu ina simu moja ya kazi. Mwenye simu yenye bando anaitoa, na simu hiyo si yake tena mpaka watu waondoke. Inapita mkono kwa mkono, ndani na nje: huyu anampigia mjomba Pemba, yule anawajulisha watu wa mjini, mwengine anauliza sanda imefika wapi. Hakuna anayemuuliza mwenzake unafungua nini. Kunyima simu hiyo ni kuunyima msiba. Safari hii ilikuwa simu ya dada yangu.

Nilitaka kujua zamu yangu inaanza lini ili nipange kuondoka kimya kimya. Simu ilipofika mkononi mwangu nikageukia ukutani, nikafungua ule ukurasa. Kikaruka kibao, vidakuzi, Kubali vyote, kimefunika nusu ya kioo na huwezi kukipita. Nikabofya Kubali. Nikaandika namba na neno la siri. Chini yake palikuwa na kisanduku, Nikumbuke kwenye kifaa hiki, na kilikuwa kimeshatiwa tiki. Sikukitia mimi. Nikatazama zamu, nikabonyeza kitufe cha kurudi mwanzo, ukurasa ukapotea, nikaamini umefungwa. Dada akaipokea simu na kuitoa dirishani kwa mumewe, maana nje kulikuwa na mtu anataka kupiga.

Utasema kosa langu. Wamesema wengi. Haya, nani alikitia kile kisanduku tiki kabla sijafika? Mtu aliyekaa ofisini kwake, ana simu yake peke yake mfukoni, hajawahi kukaa nyumba yenye simu moja na watu hamsini. Huyo namwandika na yeye.

Nikarudi Kendwa, nikaendelea na nyuzi zangu. Siku moja Bi Mkubwa akanisimamia mbele na mkono kiunoni.

"Wee, umechoka na sisi?"

"Kwa nini, Bi Mkubwa?"

"Ijumaa hoteli imejaa, watu wa harusi wanakuja na nguo zao nyeupe, na wewe umeomba mapumziko. Meneja keshakubali. Hata kunambia!"

"Mimi? Sikuomba."

"Basi kaomba jini wako."

Wenzangu wakacheka. Mimi nikahesabu. Ijumaa, harusi, wote wako kazini, nyumba za wafanyakazi hazina mtu. Mtu mmoja tu yupo ndani, amelala, kwa sababu ana mapumziko. Mimi.

Nikaiacha pasi, nikaenda mapokezi kwa mlango wa nyuma. Pale palikuwa na msichana mtu wa Makunduchi, alisoma mambo ya kompyuta mjini, kila siku akiniamkia Shikamoo hata kama mikono yangu imejaa sabuni. Nikamweleza. Akafungua ukurasa wangu kwenye kompyuta yake, akabofya mahali ambapo sijawahi kupaona, akausogeza uso kwenye kioo.

"Mama, una simu ngapi?"

"Moja."

"Hapa kuna mbili zimeingia kwa jina lako. Hii yako. Na nyengine imefunguliwa jana, na juzi, na ombi la Ijumaa limetoka kwenye hiyo. Uliwahi kufungua kwenye simu ya mtu?"

"Ya dada. Msibani. Lakini nilifunga!"

"Ulitoka, au ulifunga tu?"

"Kuna tofauti?"

Akanitazama kwa huruma, nikaichukia ile huruma. Akanieleza polepole. Ukurasa, akasema, hauna kumbukumbu. Kila ukibofya kitu, kwake wewe ni mgeni, haujui kama ndiwe uliyekuwepo sasa hivi. Kwa hivyo unapoingia, unakuwekea kitu kidogo ndani ya simu, maandishi tu, kama namba. Ukirudi, simu inautolea ile namba, nao unakukumbuka, haukuulizi tena neno la siri. Ndiyo kidakuzi. Nilipobonyeza kitufe cha kurudi mwanzo nilificha ukurasa tu, lakini kidakuzi changu kilibaki ndani ya simu ya dada. Yeyote aliyeishika na kufungua pale, hoteli ilimwona ni mimi.

"Kwa hivyo ni uzi," nikasema.

"Uzi gani, mama?"

"Uzi wa ukosi. Umefungwa, haukukatwa."

Akafikiri kidogo, akasema naam, ni hivyo hasa.

Nikamuuliza nani kaleta balaa hili, maana mimi nikipata dhara lazima nijue mwenyewe ni nani. Akasema Wazungu hawakiiti kidakuzi, wao wanakiita kuki.

"Kuki si biskuti?"

"Ndiyo, biskuti."

"Yaani wanaingiza mdakuzi nyumbani kwa mtu, kisha wanamwita biskuti?"

Akacheka bila ya kutaka. Akasema jina hilo ni la zamani kuliko mtandao wenyewe. Wataalamu wa kompyuta huko Marekani walikuwa na kijifurushi cha maandishi kinachopewa programu moja ikakibeba na kukirudisha kama kilivyo, bila ya kukifungua, na wakikiita biskuti ya mazingaombwe. Kwa nini biskuti, hakuna anayejua kwa yakini. Wengine wanasema ni kwa mfano wa zile biskuti za mikahawa ya Kichina zinazovunjwa zikatoka kikaratasi chenye maneno ndani. Kisha, miaka ya tisini, kijana mmoja anayetengeneza programu ya kusomea mtandao alitaka duka la mtandaoni likumbuke mteja ametia nini kwenye kikapu chake. Akachukua biskuti ile, akaitia kazini. Alikuwa anafikiria kikapu, basi. Baadaye wafanya biashara wakagundua kwamba kitu kinachokumbuka kikapu kinaweza kukumbuka na mtu, popote anapokwenda.

"Na sisi Waswahili?"

"Waliofasiri wakachagua kidakuzi. Kwa sababu ya udaku."

Nikasema hao wafasiri Mungu awalipe, angalau wao hawakudanganya watu kwa jina la chai ya alasiri.

"Sasa kata," nikamwambia.

Akabofya Ondoka kwenye vifaa vyote. Tukabadilisha neno la siri. Pale pale ile simu ya pili ikafutika kwenye orodha, na mimi nilitegemea nitapumua. Sikupumua. Uzi ulikatwa, lakini mtu alishausoma. Jina la hoteli ameliona, nyumba ameiona, Ijumaa ameipanga mwenyewe.

Nikaazima simu ya yule msichana, namba yangu isionekane, nikampigia dada.

"Simu yako nani anaishika?"

"Nani aishike? Simu ya nyumba. Mimi, mume wangu, watoto..."

"Mumeo kaingia kwenye ukurasa wangu wa kazi."

Nikasikia kuku nyuma yake, na redio.

"Dada?"

"Wamesema wanataka kuwapatanisha tu," akasema. "Bwana wako kalia mbele yetu, wallahi kalia machozi. Mume wangu akasema ndoa isivunjike kwa ajili ya hasira."

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Mama kafa na wewe huko mafichoni, unataka tuseme nini kwa watu?"

Nikakata. Huyo ni dada yangu wa tumbo moja, namwandika na yeye.

Siku za katikati hapo sikulala kama wanavyolala watu. Kila mlango ukigongwa nilishika pasi. Nilifunga uzi wa kijani kwenye nguo za chumba cha bluu, nikafungua, nikafunga tena. Nilitaka kukimbia, Bi Mkubwa akanikataza. "Ukikimbia leo atakukuta barabarani, peke yako. Ijumaa utakuwa hapa na sisi. Tutapiga pasi nyumbani kwako."

Na kweli, Ijumaa alihamisha meza za pasi. Zile nguo nyeupe za harusi zilipigwa pasi kwenye ukumbi wa nyumba yetu ya kulala, wanawake wote wa dobi wamo humo, waya wa umeme umepita dirishani. Mimi niliwekwa chumba cha ndani, mlango umerudishwa, nimekaa juu ya fungu la mashuka.

Walikuja baada ya sala. Nilimjua kwa kikohozi chake kabla hajasema.

"Assalaam alaykum."

"Waalaykum salaam," Bi Mkubwa akajibu. "Mnamtafuta nani?"

"Mke wangu."

"Hapa wake za watu wengi, wako yupi?"

"Anajijua. Leo yuko mapumziko."

"Nani kakwambia yuko mapumziko?"

Nilisikia pasi zikiwekwa chini, moja baada ya nyengine.

"Nakuuliza, bwana. Zamu zetu hata wageni wa hoteli hawazijui. Wewe kakwambia nani?"

Sauti ya shemeji, mume wa dada, ikaingia, laini kama ya mtu anayeswalisha. "Bi mkubwa, hatukuja kwa ugomvi. Haya ni mambo ya ndoa."

"Na wewe kwenye ndoa hii umeoa upande gani?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Huyu ni mke mwenza!" Mimi ndani nimejishika mdomo, sijui nacheka au nalia, taya linauma.

"Mwambieni atoke," mume wangu akasema. "Nimemletea halua."

"Halua ya kumlainishia taya?" Bi Mkubwa akauliza.

Hapo kicheko kilikatika. Nilimjua mume wangu akinyamaza namna ile, nikajikuta nimejikunja, mikono kichwani, ndani ya chumba ambacho hakikuwa na mtu wa kunipiga. Kisha nikasikia viatu vya askari wa getini, na sauti yake ikiwaomba watoke. Walitoka. Lakini alipofika mlangoni alipaza sauti, ikaja moja kwa moja kwenye chumba nilichokaa.

"Nshajua unapokaa. Siku nyengine siji na halua."

Wenzangu walishangilia kwamba tumewashinda. Walimpigia Bi Mkubwa vigelegele. Mimi nilikuwa nimekwisha kusikia sentensi ya mwisho na sikusikia nyengine.

Meneja akaniita kesho yake. Hakutaka fujo mbele ya wageni, akasema, na mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Nikamwambia yameanza kwenye ukurasa wako, wewe ndiye uliyekubali ombi bila ya kuniuliza. Akasema mfumo unaonyesha niliomba mwenyewe. Naye yumo hapa.

Niliondoka. Bi Mkubwa alinifungia nguo zangu kwenye shuka, na kabla ya kulifunga fundo alizigeuza kosi zote, moja moja, akatazama.

Ninapokaa sasa sisemi. Ni Unguja, pana maji na pana kazi, inatosha. Talaka sijapewa. Mwaka wa mama ulipofika, dada alisoma khitma Uroa. Nilijua siku kwa kuhesabu mwenyewe, maana hana namba yangu. Nilikaa chumbani kwangu nikamsomea Yasini peke yangu, na nilisoma kwa sauti ya chini, kwa sababu ukuta ni mwembamba.

Nna simu ya tachi moja, haitoki mkononi mwangu, msiba wala harusi. Kazini kwangu huku pia pana ukurasa. Kibao kikiruka natafuta palipoandikwa Kataa, na mara nyingi wamepaandika kwa herufi ndogo, rangi ya majivu, lakini napapata. Kisanduku cha Nikumbuke nakitoa tiki. Nikimaliza natoka, kisha nafungua tena kuhakikisha nimetoka. Wenzangu wananicheka, wao wanabofya mara moja wako ndani. Mimi kila asubuhi naandika upya, namba na neno la siri, kidole kimechanika kwa sabuni, na ile mashine inaniuliza mimi ni nani, kama hatujawahi kuonana.

Nikiona haijanijua, ndipo nnapoweza kunywa chai.